Lyon Ina Saa Nne Yake: Jibu kwa Wapenzi wa Branchi

Wiki mbili kabla ya mitihani, mwenzetu mmoja alitusomea darasani insha aliyoiandika kwa ajili ya wale watakaokwenda kusoma Ufaransa. Insha ilikuwa nzuri kwa lugha, na mwalimu aliisifu. Ilieleza mji wa Lyon, mito yake miwili, Rhône na Saône, na metro yake, na mwishoni ikatoa ushauri: ukifika Lyon, siku ya Jumapili usikose kwenda kula branchi. Branchi, alitufafanulia, ni mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana. Akataja mayai, chapati tamu za maziwa zinazomwagiwa asali, samaki wa kukaushwa kwa moshi, juisi ya machungwa, na kipande cha mkate kilichopakwa parachichi, lile lile tunaloliita avoka huku kwetu Burundi. Darasa zima lilimeza mate.

Mimi sikumeza. Niliishi miezi mitatu kwa shangazi yangu katika mji huo, na ninaandika makala haya kumpinga mwenzangu kwa heshima zote. Ninasema hivi: branchi si chakula cha Lyon, na anayempokea mgeni Lyon akamkalisha mbele ya branchi amemnyima mji wenyewe. Lyon ina mlo wake wa saa nne asubuhi, na mlo huo una wenyewe.

Nianze na neno. Branchi liliundwa Uingereza kwa kuunganisha majina mawili ya Kiingereza, la mlo wa asubuhi na la mlo wa mchana. Mwaka 1895 mwandishi mmoja Mwingereza, Guy Beringer, alichapisha makala ya kuutetea mlo huo. Hoja yake ilikuwa wazi, wala hakuificha: waliokesha kwenye starehe Jumamosi usiku wasilazimishwe kuamka mapema Jumapili. Walale, waamke jua limekwisha panda, ndipo wale. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake branchi ni mlo wa aliyechelewa kuamka. Silaumu usingizi; mimi mwenyewe ni mwanafunzi. Lakini tujue tunachokisifu.

Sasa tupande Croix-Rousse, kilima kilichoko kati ya mito hiyo miwili, kaskazini mwa katikati ya mji. Katika karne ya 19 kilima hiki kilijaa wafumaji wa hariri, walioitwa canuts. Nyumba zao bado zipo. Dari zake ziko juu sana, karibu mita 4, kwa sababu mtambo wa kufumia uliobuniwa na Joseph Marie Jacquard mwanzoni mwa karne hiyo haukuweza kuenea katika chumba cha kawaida. Mfumaji na familia yake walifanya kazi, walikula na kulala katika nyumba hiyo hiyo, mtambo ukiwa katikati yao. Mwaka 1831, na tena mwaka 1834, wafumaji waliasi kwa sababu ya malipo madogo waliyopewa kwa kazi yao, na mara zote mbili serikali ilileta jeshi.

Watu hawa walianza kazi kabla ya mapambazuko. Ilipofika saa tatu au saa nne asubuhi walikuwa wamekwisha fanya kazi kubwa, na tumbo lilidai haki yake. Ndipo walipokaa kula mâchon. Jina hili linatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kutafuna. Sisi tunaosoma mofolojia tungeweza kuliita mtafuno. Mezani palikuwa na soseji, utumbo, miguu ya nguruwe, dengu, jibini, mkate na divai. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vyakula vya bei ndogo, sehemu za mnyama ambazo tajiri hakuzigombania. Vililiwa katika vijimkahawa vinavyoitwa bouchons, na baadhi ya bouchons hupika mâchon mpaka leo. Tangu mwaka 1964 kipo hata chama cha kuulinda mlo huo, ambacho huwapa vyeti wenye mikahawa wanaoufuata vizuri.

Hata sifa kubwa ya mapishi ya Lyon, ambayo mwenzetu aliitaja kwa fahari, haikuanzia kwa waliochelewa kuamka. Mwaka ule ule wa 1895 ambao Beringer aliutetea usingizi wa Jumapili, alizaliwa Eugénie Brazier, mtoto wa wakulima, aliyechunga nguruwe utotoni na kwenda Lyon kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin kilimpa nyota tatu kwa kila mmoja wa mikahawa yake miwili. Paul Bocuse, ambaye soko kubwa la vyakula la Lyon lina jina lake leo, alijifunza kazi katika jiko la mama huyo. Huo ndio mji tunaoambiwa twende tukale mkate wa parachichi.

Mtu ataniuliza, haya yote yanakuhusu nini wewe, kijana wa Bujumbura? Yananihusu kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi anafanya usafi katika hospitali moja. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanda metro ya kwanza, na kazi inaisha saa tatu asubuhi. Jumapili moja ya mwezi wa Novemba niliamua kumtoa. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo, na rafiki alikuwa amenisifia mkahawa mmoja wa branchi. Nilimsubiri shangazi akitoka kazini, tukafika mkahawani saa tatu na nusu. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani kijana mmoja alikuwa akishusha viti kutoka juu ya meza. Alitufungulia kidogo, akatuambia kwa adabu kwamba wanaanza saa tano. Shangazi alitazama saa yake, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili: "Sasa hawa, asubuhi yao ni asubuhi gani?"

Hatukusubiri. Tulipanda metro ya kilimani mpaka Croix-Rousse, ambako soko la bulivadi hufunguliwa kila asubuhi isipokuwa Jumatatu. Tulinunua mkate, jibini, zeituni na matofaa. Tukaenda kukaa mwisho wa bulivadi, penye jiwe kubwa ambalo barafu ya zama za kale ilililetea mji kutoka milima ya Alpes. Pale unaona mto Rhône chini yako na mji wote wa upande wa mashariki. Shangazi alivua viatu. Alikula kimya mpaka akashiba, kisha akasema: "Hii ndiyo chai ya saa nne." Chai yenyewe hatukuwa nayo.

Wasomaji wangu mnaijua chai ya saa nne. Katika mtaa wa Buyenzi nilikokulia, mafundi wa magari wanaoanza kazi na mwanga wa kwanza huweka spana chini saa nne. Mama mmoja huleta chapati na maharage katika sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Hakuna anayeuliza kama ni kifungua kinywa au chakula cha mchana. Ni chakula cha mtu aliyekwisha fanya kazi na ambaye bado ana kazi mbele yake. Baada ya insha ya mwenzetu kusomwa, tulibishana nusu saa nzima kuhusu jina la branchi kwa Kiswahili sanifu. Mmoja alipendekeza "mlo unganifu", mwingine akasema tuliache neno kama lilivyo. Nilikaa kimya siku ile, lakini leo ninasema: chai ya saa nne haiwezi kuwa tafsiri ya branchi, hata kama saa zinakaribiana. Ni tafsiri ya mâchon. Mlo mmoja unamngoja aliyelala aamke. Mwingine unampumzisha aliyeamka.

Ninajua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza: wewe ni Mwislamu wa Buyenzi, unawezaje kuitetea meza ya nguruwe na divai? Swali ni la haki. Sehemu kubwa ya mâchon siwezi kuigusa, na sidai vinginevyo. Lakini Alhamisi moja nilikwenda kwenye bouchon pamoja na rafiki yangu Mfaransa. Yeye alikula soseji zake. Mimi niliagiza jibini laini lililochanganywa na vitunguu, majani ya kunukia, mafuta ya zeituni na siki, ambalo jina lake kwa Kifaransa maana yake ni ubongo wa mfumaji. Niliuliza kwanza kama lina divai, maana wapo wanaotia. Mwenye mkahawa akanihakikishia kwamba yeye hutia siki tu. Nililila kwa viazi na mkate, nikanywa kahawa. Sikufukuzwa, na sikuonekana kituko. Ninachokitetea hapa ni saa ya mlo na haki ya mwenye mlo, wala si nguruwe.

Jibu la pili: wafumaji wamekwisha, na mezani leo wamekaa wastaafu na watalii. Ni kweli pia. Hariri haiwalishi tena watu wa Croix-Rousse, na nyumba zile za dari ndefu sasa ni za bei kubwa. Lakini watu wanaoamka kabla ya mji hawajaisha. Wanasafisha hospitali, wanaoka mikate, wanashusha maboga sokoni, wanaendesha basi la kwanza. Wengi wao wametoka Afrika na Asia. Kama wafumaji wameondoka, basi warithi wao wa saa nne ni akina shangazi. Mji unaoonyeshwa kwa mgeni kuanzia saa tano unamficha watu hao wote, kwa sababu saa hiyo wamekwisha rudi nyumbani kulala.

Jibu la tatu: vijana wa Lyon wenyewe wanapenda branchi. Wana haki yao. Mimi pia niliionja baadaye, nisije nikalaani nisichokijua. Ilikuwa tamu. Nililipa euro 28, ambazo kwa shangazi ni karibu saa tatu za kupiga deki. Sahani niliyowekewa ingeweza kuwekwa mbele yangu London au Dubai bila kubadilishwa hata uma. Parachichi ambalo kwetu huanguka lenyewe uani lilikuwa limekatwa vipande vyembamba kama karatasi. Nilishiba, lakini nilipotoka nje sikuwa nimejifunza neno moja kuhusu mahali nilipokuwa.

Kwa hiyo wewe utakayepata nafasi ya kwenda Lyon, huu ndio ushauri wangu badala ya ule wa kwanza. Amka mapema, angalau Jumapili moja. Panda Croix-Rousse soko likiwa bado linapangwa, au shuka ukingo wa Saône, kwenye soko la Saint-Antoine, ununue mkate ukiwa na moto. Ukitaka kukaa mezani siku ya kazi, tafuta bouchon katikati ya mji, na uulize siku moja kabla kama wanapika mâchon, kwa kuwa si zote zinazopika na si kila siku. Kama huli nguruwe, sema mapema. Utapata jibini, dengu au saladi. Na kama mfuko hauruhusu, nenda Guillotière, ng'ambo ya Rhône, ambako maduka ya Waarabu, Waafrika na Waasia yamepakana, na utapata chai na kitu cha kutafuna pamoja na watu waliotoka kazini. Waulize walianza saa ngapi. Hapo ndipo utakapoanza kuujua mji.

Waalimu wetu wanatufundisha kwamba neno halihami peke yake, huhama na desturi zake. Tukilipokea neno branchi, tutapokea pia wazo kwamba asubuhi njema ni ile inayoanza saa tano. Mimi ninalikataa wazo hilo, na ninalikataa kwa Kiswahili, lugha ambayo huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza.

Mwenzangu aliyeandika insha ile ninamwomba asiifute. Aongeze aya moja tu, na aiandike kabla ya saa tano.