Eti Mtandao Hautaguswa

Hoja ya wanaotaka kuibadilisha Bitcoin ni hii: Bitcoin ipewe mikataba ya kidijitali inayojitekeleza yenyewe, kama Ethereum, kwani programu ya mkataba ikiwa na kosa, ataumia mwenye mkataba tu, mtandao hautaguswa.

Hautaguswa! Juni 2016, mkataba wa The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa na programu kwenye Ethereum, ulikuwa ukimlipa mtu kwanza, ndipo upunguze salio lake. Mjanja mmoja akaandika programu ambayo kila ikilipwa inaomba tena kabla salio halijapungua. Ikachota takriban milioni 3.6 za ether, sarafu ya Ethereum. Ethereum yenyewe haikuwa na kasoro. Basi mbona Julai 20 kanuni za mtandao zilibadilishwa ili fedha zirudi, na waliokataa wakabaki na sarafu yao, Ethereum Classic? Kama huko ndiko kutoguswa, sijui kuguswa kukoje.

Eti siku hizi mafundi wamejifunza. Julai 2017 pochi za Ethereum zilizoundwa na kampuni ya Parity ziliibiwa, zikarekebishwa. Novemba mtu akakuta mkataba uliorekebishwa, ambao pochi hizo ziliutegemea, hauna mwenyewe, akajimilikisha, akaufuta. Zaidi ya ether 500,000 zikakwama, na hakuna hata mwizi wa kumlaumu.

Wanalalamika pia kwamba Bitcoin ni butu, haiwezi programu kama hizo: ni kweli, na ni makusudi. Lugha yake haina vitanzi, hivyo kompyuta inayokagua muamala inajua kazi itaisha. Ethereum hulazimika kutoza ada kwa kila hatua ili programu isizunguke milele. Wanaodai Bitcoin ipewe uwezo huo watuambie kwanza nani ataamua kurudisha fedha mkataba mkubwa ukitobolewa.