Kuuza gari bila kuhamisha kadi ni kununua deni

Kila ifikapo Desemba na Januari, kando ya barabara kuu katika miji kama Makambako na Mbalizi huegeshwa pikapu na malori madogo yenye kipande cha boksi kwenye kioo: "Linauzwa", na chini yake namba ya simu. Wenye magari hayo si wote wafanyabiashara wa magari. Wengi ni wakulima wa viazi, mahindi na nyanya. Mvua zimeanza, mbolea ya kupandia haijanunuliwa, na ada za shule zinabisha hodi.

Huo ndio msimu mbaya kuliko yote wa kuuza gari, na matapeli wanaujua vizuri zaidi kuliko wakulima. Wauzaji ni wengi, wanunuzi wenye fedha taslimu ni wachache, na kila muuzaji ana haraka. Fedha za mahindi huanza kuonekana mikononi mwa watu Nyanda za Juu Kusini kuanzia Julai na Agosti. Mwenye gari angeweza kusubiri hadi wakati huo, angepata bei nyingine na wanunuzi wa aina nyingine.

Tuseme mkulima wa Njombe ana pikapu ambayo kwa hali yake ingeuzwa Sh 11.5 milioni mwezi Agosti. Januari dalali anamwambia bei ni Sh 9 milioni, "soko limekufa". Tofauti ni Sh 2.5 milioni. Fedha anayohitaji kwa mbolea na ada, tuseme, nayo ni Sh 2.5 milioni. Akikopa kiasi hicho kwenye SACCOS kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa miezi minane, riba yote ni Sh 300,000, na muda wote huo gari linaendelea kubeba mazao. Ni kweli kwamba si kila kijiji kina SACCOS iliyo hai, na si kila mwanachama anakopeshwa anapotaka. Lakini hesabu hiyo inapaswa kufanywa kabla ya kuandika "Linauzwa", si baada ya gari kuondoka.

Hapo bado haijatajwa "cha juu". Dalali aliyemwambia mkulima Sh 9 milioni anaweza kuwa amemwambia mnunuzi Sh 10.5 milioni, na tofauti ikawa mali yake, mbali na kamisheni anayodai pande zote mbili. Ndiyo maana madalali wengi hawapendi muuzaji na mnunuzi wazungumze peke yao. Udalali si kosa, na dalali mzuri huokoa muda mwingi wa kutafuta mteja. Kinachomlinda mkulima ni kuandikiana mapema kamisheni ya kiasi kinachojulikana, na bei kutajwa mbele ya mnunuzi mwenyewe. Dalali anayekataa sharti hilo ameshajieleza.

Utapeli wenyewe una sura nyingi, ila sehemu kubwa unagusa malipo. Zamani hofu ilikuwa noti bandia na hundi zinazorudi. Hundi bado ni hatari kwa sababu ambayo wengi hawaielewi: karatasi ya benki inayoonyesha kwamba hundi imewekwa kwenye akaunti haina maana kwamba fedha zimeingia. Hundi hiyo bado inasubiri kulipwa na benki ya mwenye kuiandika, na ikiwa hana fedha itarudishwa wakati gari liko mbali. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata, umeongezeka ujanja wa ujumbe wa kughushi. Mnunuzi anabonyeza simu yake, muuzaji anapokea ujumbe unaofanana na ule wa kampuni, "Umepokea", na salio jipya limeandikwa. Ujumbe huo umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Muuzaji aliyeshika simu kwa mikono inayotetemeka kwa furaha hasomi umetoka wapi.

Kinga yake ni nyepesi mno. Muuzaji aangalie salio mwenyewe, kwa simu yake au kwenye benki yake, na asikubali kusomewa na mtu mwingine. Kwa malipo ya mamilioni, mahali pazuri pa kukutana ni ndani ya tawi la benki la muuzaji, siku na saa za kazi. Noti zihesabiwe na keshia kwa mashine na kuingizwa kwenye akaunti palepale. Mnunuzi anayesisitiza kuja Jumamosi jioni, na gari analitaka usiku uleule kwa kuwa "mzigo unamsubiri", anaweza kuwa mtu mwema, lakini akija Jumatatu asubuhi atakuwa mwema vilevile.

Yupo pia mnunuzi asiyekuja kabisa. Anapiga simu, anajitambulisha kuwa ofisa wa mradi au mtu aliye nje ya nchi, bei anaikubali bila kupunguza hata shilingi. Mkulima wa kawaida angeshtuka hapo hapo, kwa sababu hakuna Mtanzania anayenunua gari bila kuomba kupunguziwa. Kisha huomba fedha ndogo kwanza: ya fomu, ya ukaguzi, ya "kufungua faili". Au hudai ametuma zaidi kwa makosa na kuomba ziada irudishwe haraka. Muuzaji hana sababu yoyote ya kumtumia mnunuzi fedha. Namba ya namna hiyo huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Ujanja mwingine haumuibii muuzaji moja kwa moja, bali unamuingiza matatani. Mtu anajifanya mnunuzi, anaomba picha za gari na picha ya kadi "ili bosi aione". Wiki mbili baadaye gari hilohilo linatangazwa kwa bei ya kutupa, watu wa mjini wanatoa kianzio, na kwa kuwa kadi ina jina la mkulima, wanaolizwa wanakwenda kumtafuta mkulima, wengine wakiwa na polisi. Kadi haitumwi kwa simu. Anayetaka kuiona aje alipo gari, aisome, alinganishe namba ya chesesi na ya injini, kisha airudishe.

Kuhusu kulijaribu gari barabarani, inatosha kusema kwamba mwenye gari akae ndani, na fundi wa mnunuzi asiachwe peke yake na boneti wazi. Betri na nozeli zimewahi kubadilishwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Pamoja na yote hayo, hasara inayowapata wauzaji wengi zaidi haitokani na tapeli. Inatokana na mauzo ya kawaida, kati ya watu wanaofahamiana, ambayo fedha zote zililipwa lakini kadi haikuhamishwa. Mnunuzi anachukua gari, kadi halisi na karatasi zilizosainiwa na muuzaji, nafasi ya jina la mnunuzi ikiwa wazi. Anaahidi kwenda TRA "wiki ijayo". Haendi. Baada ya mwaka anauza kwa mtu wa tatu kwa karatasi zilezile, naye anauza kwa wa nne. Katika vitabu vya TRA mmiliki ni yuleyule mkulima wa Njombe.

Madhara yake yanaonekana taratibu. Faini za barabarani siku hizi huandikwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi, na zisipolipwa kwa wakati huongezeka. Kabla ya mwaka 2017, ambapo ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, wapo waliokuta malimbikizo ya miaka ya magari waliyokwisha kuyasahau. Leseni imeondoka, lakini kanuni ni ileile: deni humtafuta mwenye jina. Na faini ndiyo sehemu ndogo. Gari likimgonga mtu na kukimbia, au likikamatwa limebeba magendo, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye kadi. Kama bima nayo bado iko kwa jina la muuzaji, mwenye kampuni ya bima ana mlango wa kukataa kulipa, na aliyeumia atamtafuta mtu mwenye shamba.

Kwa nini basi watu hawahamishi? Jibu ni gharama. Kuna ada ya kuhamisha umiliki, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa kufuata thamani ya gari. Juu yake kuna nauli, malazi na siku zinazopotea kwa mtu anayetoka Makete au Ludewa kwenda ofisi ya TRA. Mazoea ni kwamba mnunuzi ndiye hulipa, na mnunuzi hana haraka, kwani kadi isipohamishwa anayebeba hatari ni mwenzake. Hapo ndipo wauzaji wanapokosea. Mwenye kufaidika zaidi na uhamisho ni muuzaji, kwa hiyo ni halali yeye kuchangia gharama, hata kuzilipa zote, na kupandisha bei kwa kiasi hicho wakati wa kupatana. Bei itajwe "pamoja na uhamisho", na watu wawili waende TRA pamoja na kadi halisi, mkataba wa mauziano, vitambulisho na namba zao za mlipakodi. Ufunguo wa mwisho utolewe huko.

Ili kupunguza ushuru, wengi huandika kwenye mkataba bei ndogo kuliko iliyolipwa. Gari la Sh 12 milioni linaandikwa Sh 5 milioni. Mbali na kuwa ni kosa la kodi, ni kamba ya kumfunga muuzaji mwenyewe. Mnunuzi akibakiza deni la Sh 4 milioni na shauri likafika mahakamani, karatasi yenye saini ya muuzaji inasema amekwisha kulipwa zaidi ya anachostahili.

Deni hilo ni jambo la kawaida vijijini, kwa sababu mauzo mengi hufanyika kwa mtindo wa nusu sasa, nusu baada ya mavuno. Anayekubali mtindo huo anapaswa kujua kwamba kubaki na kadi hakutoshi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaruhusu wahusika kukubaliana kwamba mali haitahama hadi malipo ya mwisho, na sharti hilo liandikwe wazi. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaweza kumlinda mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa mnunuzi aliyepewa gari kwa ridhaa ya mwenyewe. Mkopeshaji wa namna hii anategemea zaidi tabia ya anayemkopesha kuliko karatasi. Kama mnunuzi hana shamba, duka wala ndugu wanaojulikana, ni heri bei ndogo ya taslimu. Mkataba ushuhudiwe na wakili, na kama yuko mbali, walau mbele ya ofisa mtendaji wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili.

Wafanyabiashara wadogo wanaonunua magari na kuyauza ndani ya wiki mbili wana malalamiko yao, na yana uzito. Kuhamisha kadi mara mbili kwa gari moja kunamaliza faida. Kwa sababu hiyo wao ndio wapenzi wakubwa wa kadi yenye karatasi wazi. Njia iliyo nyoofu ipo: wafanye kazi kama madalali kwa mkataba, gari libaki la mkulima hadi apatikane mnunuzi wa mwisho, na saini iwekwe mara moja kati ya hao wawili. Mfanyabiashara anapata kamisheni yake na hafungi mtaji. Kinachomzuia ni kwamba mkulima ataijua bei halisi, na hilo si tatizo la mkulima.

Wanunuzi nao hutazama yasiyohusika. Sokoni gari hutajwa kwa herufi ya namba yake, namba C, namba D, kana kwamba herufi ndiyo injini, wakati inaonyesha tu lini gari lilisajiliwa nchini. Gari lililoingia likiwa na miaka 12 huko Japani linaweza kubeba herufi mpya kuliko jirani yake aliye kijana. Muuzaji mwenye daftari la matengenezo, risiti za vipuri na kadi isiyo na utata anaweza kutetea bei yake bila herufi hiyo.

Kwa aliyeuza miaka iliyopita na kadi ikabaki kwa jina lake, pa kuanzia ni kuangalia namba ya gari lile kwenye mfumo wa faini wa Polisi, kisha kumtafuta mnunuzi akiwa bado anapatikana kwa simu ileile. Asipopatikana, nakala ya mkataba ipelekwe TRA na kituo cha polisi cha usalama barabarani kwa barua inayotaja tarehe ya mauzo. Nakala nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kuhifadhiwa pamoja na hati za shamba.