Jeep mpya kwa Kamina: buati ya vitesi kwanza, urembo baadaye

Mtu wa Kamina anayetaka kununua jeep ndogo mpya mara nyingi anailipia kabla hajaigusa. Duka liko Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 hata ukipima kwa mstari wa ndege, na barabara yenyewe ni ndefu kuliko hapo. Picha zinafika kwenye simu: viti vya ngozi, kioo kikubwa cha kugusa, paa linalofunguka. Muuzaji anaandika bei, kisha anauliza rangi. Swali la buati ya vitesi, ile ambayo ndugu wa Tanzania wanaiita gia, linakuja mwishoni, ama halikuji kabisa.

Huko ni kuanzia mkiani. Kwa anayeishi Haut-Lomami, buati ndiyo inayoamua kama gari litarudi nyumbani lenyewe ama litarudi juu ya lori. Viti vya ngozi havijawahi kumtoa mtu kwenye matope.

Kamina ni mji mkuu wa jimbo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Ni njia panda ya reli pia: njia moja inatoka Lubumbashi, nyingine inaelekea Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Lakini mwenye gari hasafiri juu ya reli. Anasafiri kwenye udongo, mchanga na mashimo, na kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne mvua inageuza udongo huo kuwa uji. Lori moja likizama katikati ya njia, wote walio nyuma wanalala hapo.

Katika hali hiyo, buati ya manueli ina faida tatu ambazo hazionekani kwenye picha. Ya kwanza, betri ikikufa, watu wanne wanasukuma, shofere anaweka vitesi ya pili, anaachia ambreyaji, na moto unawaka. Ya pili, injini ikigoma kabisa, gari linawekwa bila vitesi na kuvutwa kwa kamba hadi kijiji cha mbele. Ya tatu, kinachochakaa zaidi ni diski ya ambreyaji, na fundi mwenye ujuzi anaweza kuibadilisha chini ya mwembe akiwa na funguo, jeki na msaidizi mmoja. Tena ambreyaji haifi ghafla kila mara. Inaanza kuteleza, inanuka, inampa mwenye gari muda wa kutafuta piesi.

Otomatiki haina huruma hiyo. Kuisukuma hakuwashi injini. Kuivuta mbali huku magurudumu yanayoendesha yakiwa chini kunaweza kuiua, maana pampu inayozungusha mafuta ndani ya buati inaendeshwa na injini. Injini ikilala, vyuma vinazunguka vikavu.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi ni kwamba neno otomatiki linafunika aina tatu tofauti, na kila moja ina tabia yake kwenye matope.

Aina ya kwanza haina ngazi za vitesi. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili. Wafaransa na Waingereza wote wanaiandika CVT. Nissan X-Trail na Toyota RAV4 nyingi za esansi zina buati hiyo. Mjini ni laini na inaokoa mafuta. Lakini kwenye mchanga mzito ama kupanda polepole kwa muda mrefu, mafuta yake yanapata moto sana, na kompyuta inapunguza nguvu ili kuiokoa buati. Shofere anakanyaga, gari linakataa. Na mafuta yake ni ya pekee. Anayejaza mafuta ya buati ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyoko sokoni anaiharibu buati kwa mkono wake mwenyewe.

Aina ya pili ina ambreyaji mbili zinazoongozwa na kompyuta. Kwenye lami inabadilisha vitesi haraka kuliko mtu yeyote. Lakini kutambaa kwa mwendo wa miguu, kusimama na kuondoka mara mia, ndiko kunakoichosha, hasa zile ambazo ambreyaji zake hazikai ndani ya mafuta.

Aina ya tatu ni otomatiki ya zamani, ambamo nguvu ya injini inapita ndani ya chombo kilichojaa mafuta kabla ya kufika kwenye vitesi. Inakunywa esansi zaidi kidogo, lakini inavumilia mzigo na mwendo wa pole. Toyota Rush na Suzuki Jimny ya kizazi cha 2018 zinauzwa na buati ya namna hiyo yenye vitesi 4, na zote mbili zinapatikana pia kwa manueli ya vitesi 5.

Wanaopenda otomatiki wana hoja, na haifai kuwadharau. Mtu mwenye goti bovu, ama anayeanza kujifunza, ama anayetumia nusu ya mwaka kwenye misongamano ya Lubumbashi, atapumzika zaidi bila ambreyaji. Na manueli mikononi mwa shofere anayeegemeza mguu kwenye pedali safari nzima haitakaa muda mrefu. Basi anayehitaji otomatiki aichukue, lakini aulize ni aina gani, achague ile ya tatu kama ipo, na atenge pesa za kubadilisha mafuta yake. Maneno ya muuzaji kwamba mafuta hayo ni ya maisha yalisemwa kwa ajili ya barabara nyingine.

Alama ya 4x4 nayo isimdanganye mtu, wala sura ya jeep. Rush ina nafasi ya milimita 220 chini ya tumbo, jambo zuri kwenye mashimo, lakini inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Jimny ina 4x4 ya kweli, yenye vitesi fupi za kupandia, lakini ina viti 4 na nafasi ndogo ya mizigo: baba mwenye watoto watano na magunia mawili ya mahindi atajuta. Duster ya 4x4 ya manueli iko katikati. Vitesi yake ya kwanza imefanywa fupi ili gari lipande polepole bila kuichoma ambreyaji. Hakuna jeep inayomfaa kila mtu, lakini kila mnunuzi anaweza kujua anachokosa kabla ya kulipa.

Baada ya buati, ndipo orodha ya nyongeza ifunguliwe. Hapo pesa ziende kwanza chini ya gari: sahani ya chuma inayolinda injini, ndoano imara za kuvutia mbele na nyuma, rimu za inchi 16 ama 17 zenye mipira minene, na mpira wa akiba ulio sawa na mingine minne. Siku hizi kuna magari mapya yanayouzwa bila mpira wa akiba, na chupa ya gundi mahali pake. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari, haizibi mpira uliopasuliwa na jiwe.

Breki za ABS na mifuko ya hewa zisipunguzwe kamwe ili kupata bei nafuu. Kiyoyozi pia kibaki, maana vumbi la kiangazi linalazimisha vioo vifungwe. Kinachoweza kuachwa ni paa la kioo, rimu za inchi 19, mlango wa nyuma unaojifungua, na rada za kuegesha ambazo matope yatazifunika siku ya kwanza.

Mafuta nayo yaangaliwe. Injini mpya za mazuti zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zina chujio la moshi, na zinahitaji mazuti yenye salfa kidogo sana. Chujio hilo linajisafisha gari likikimbia muda mrefu likiwa na joto. Mtu anayejaza kwa bidoni za kadafi kando ya njia, halafu anatembea kilomita 3 kutoka nyumbani hadi ofisini, hawezi kuahidi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kwa jeep ndogo, esansi ina maswali machache zaidi.

Mwenye kununua kwa pesa yake akikosea, anaumia yeye na nyumba yake. Tatizo ni zito zaidi pale anayenunua ni ofisi ya serikali, mradi, shule ama kituo cha afya. Mwaka 2021, wabunge wa taifa walipopewa jeep za Hyundai Palisade, mabishano yalikuwa juu ya pesa na siasa, na yalikuwa na haki yake. Swali jingine halikusikika sana: jeep hiyo kubwa ya otomatiki ikifika kwa wapiga kura wa vijijini, nani ataitengeneza? Gari la kituo cha afya likisimama juu ya mawe likisubiri kompyuta kutoka mbali, anayelipa ni mama mwenye uchungu wa kuzaa anayebebwa juu ya kinga.

Kwa hiyo ofisi za jimbo na mashirika yanayoagiza magari ya Kamina yaandike mambo hayo ndani ya karatasi ya kuomba bei: aina ya buati, nafasi chini ya tumbo, mpira kamili wa akiba, na mahali garanti itakapoheshimiwa. Kuyaandika hakugharimu hata franka moja.

Na mnunuzi wa kawaida, kabla ya kutuma pesa, amuulize muuzaji maneno matatu. Buati hii ni ya aina gani? Mafuta yake na piesi zake zinapatikana wapi, kwa siku ngapi? Ikifia njiani upande wa Kaniama, inavutwa namna gani? Kisha awapelekee majibu hayo mafundi wa Kamina, maana ndio watakaoishi na gari hilo. Kama muuzaji anajua bei ya rangi lakini hajui majibu hayo, heri pesa zingoje.