Kompyuta Kuukuu Haidaiwi Kujijengea Programu

Wapo wanaoshikilia kwamba kompyuta isiyoweza kukompaili programu zake yenyewe imeshakufa, na kuikompailia kwenye mashine yenye kasi ni kuibeba mgongoni. Kwa kipimo hicho, Unix ilizaliwa imekufa. Mwaka 1969 Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wake, alizitayarisha programu zake za kwanza za PDP-7 kwenye kompyuta kubwa ya General Electric, akazihamisha kwa utepe wa karatasi; PDP-7 ilipata asembla yake baadaye. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika lugha ya BASIC ya kompyuta ya Altair kwenye kompyuta ya PDP-10 ya Harvard bila kuwa na Altair yoyote. Allen alitengeneza programu ya kuiga prosesa ya 8080, akasafiri na utepe hadi Albuquerque, na BASIC ikafanya kazi. Huu ni utaratibu wa kale na wa heshima.

Wengine husema kilichokompailiwa kwenye Intel hakiwezi kwenda kwenye ARM. Si kweli. Kompaila husoma maandishi na kutoa maagizo ya prosesa iliyoundwa kuihudumia, popote inapoendeshwa. Mradi wa NetBSD huujenga mfumo wake mzima wa VAX au Amiga hivyo kwa hati moja, build.sh.

Dai linalopoteza muda wa watu wengi zaidi ni kwamba kompaila yoyote ya ARM inatosha. Chukua Raspberry Pi ya kwanza, ya 2012: prosesa ya MHz 700, kizazi cha ARMv6. Kompaila ya armhf, toleo la Debian la prosesa za ARM, hulenga ARMv7. Kazi itaisha bila onyo lolote, lakini ukiiendesha programu kwenye Pi itauawa papo hapo, kwa sababu ina agizo ambalo prosesa hailijui. Kuongeza -march=armv6 peke yake hakuponyi, maana vipande vya kuanzishia programu na maktaba zinazounganishwa nayo vimebaki vya ARMv7. Ndiyo maana Raspbian, mfumo wa Pi uliotokana na Debian, ililazimika kuvikompaili upya vifurushi vya Debian. Tafuta kompaila iliyojengwa kwa ARMv6, na uipe maktaba zilizonakiliwa kutoka kwenye Pi yenyewe; ukitumia maktaba ya C (glibc) mpya kuliko ya Pi, programu inaweza kukataa kuanza.

Na distcc haimalizi kila kitu, kama inavyodaiwa. Huigawia mashine nyingine kazi ya kukompaili mafaili, lakini kuyaunganisha hubaki kwa mashine kuukuu, na hapo ndipo kumbukumbu ya MB 256 hulemewa na programu kubwa ya C++.

La mwisho, eti ukijaribu kwenye QEMU, programu ya kuiga prosesa nyingine, umemaliza. QEMU inafaa sana, ila itajie prosesa ya Pi yenyewe, arm1176. Usipoitaja, inaweza kuyapokea maagizo ambayo Pi itayakataa.