Tuiite shahamu ya joto

Asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa saba, hapa Lubumbashi, nilimweleza mama yangu kwamba mtu mzima ana "mafuta ya kahawia" yanayompa joto. Akaniuliza: "Ni ya kupikia ao ya kupakaa?" Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la jina, na majina ni kazi yetu katika kitivo hiki.

Jambo lenyewe si dogo. Mafuta meupe ya mwilini huweka akiba ya nguvu. Haya ya kahawia huichoma akiba hiyo ili kutoa joto, bila mtu kutetemeka. Rangi yake hutokana hasa na wingi wa mitokondria zenye madini ya chuma. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mtu huyapoteza karibu yote akishapita utoto. Mwaka 2009 tafiti kadhaa zilionyesha vingine. Huko Maastricht, Uholanzi, wanaume 24 walipimwa katika baridi ya nyuzi 16: kwa 23 kati yao mafuta hayo yalionekana yakifanya kazi, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Kwa wanene yalifanya kazi kidogo zaidi.

Turudi kwenye jina. Kifaransa hutenganisha "graisse" na "huile", kwa hiyo kikiongeza rangi tu kinaeleweka. Kiswahili chetu hutumia "mafuta" kwa mawese, kwa taa, kwa gari na kwa mwili. Anayetafsiri neno kwa neno anampeleka msikilizaji sokoni. Lakini tunalo neno "shahamu", ambalo halimwagwi kutoka kwenye chupa. Napendekeza "shahamu ya joto".

Najua nitakavyopingwa: shahamu halisikiki sana huku kwetu, na rangi husaidia kulinganisha na ile nyeupe. Ni kweli. Ila neno geni likielezwa mara moja huzoeleka, na neno tulilozoea kwa maana nyingine hupotosha kila mara. Tena rangi ile huionekana kwa mpasuaji tu, wakati joto kila mtu analijua.

Wenzangu mnaoandaa orodha za istilahi kwa kazi za mwisho wa mwaka, kabla ya kuzipeleka kwa mwalimu, zisomeni kwanza nyumbani. Mzazi akiuliza "ya kupikia?", anzeni upya.