Omba siku kabla vocha haijafa

Kwetu Kalemie, Kongo, nyumba ya kupanga hupatikana kwa mdomo. Komisionere, yaani dalali, anakuzungusha mtaa wa Lubuye, mnaelewana bei na mwenye nyumba, unalipa garanti, yaani amana, na jioni magodoro yanaingia. Hata mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuwatoa watu kwenye nyumba za kando ya maji, ndugu zetu walitafuta hivyohivyo, sisi tukatuma garanti kutoka huku.

Huku Marekani, mwenye vocha ya Seksheni 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, anatafuta nyumba siku zikihesabiwa. Kanuni ya wizara ya nyumba, HUD, inataka vocha ianze na siku zisizopungua 60. Baada ya hapo, kuongeza au kutoongeza ni uamuzi wa ofisi ya nyumba ya mji wenu, kwa kufuata kitabu chake cha utaratibu. Kitabu hicho ni cha wote. Nenda ukaombe kukisoma.

Siku 60 ni chache kwa familia zetu. Mama mwenye watoto saba anahitaji vyumba vinne, na nyumba za namna hiyo, kwa bei ambayo ofisi inakubali, ni za kubahatisha. Wenye nyumba wengine hukata simu wakisikia neno vocha. Baadhi ya majimbo na miji inakataza ubaguzi huo, sheria ya taifa haikatazi. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya HUD na kutolewa mwaka 2001 ulikuta kwamba katika miji mikubwa ni familia 69 kati ya 100 zilizofaulu kuitumia vocha. Hizo ni pamoja na familia zilizozaliwa hapa na zinazojua Kiingereza.

Kinachotuponza sisi zaidi ni ukimya. Wengi wetu tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na kambi ilitufundisha kwamba anayeisumbua ofisi anajitafutia shida. Basi tarehe inakaribia, mtu anangoja aitwe. Haitwi. Vocha ikishakufa, unaweza kurudishwa mwisho wa orodha, ikiwa orodha yenyewe iko wazi. Tena ofisi ikikataa kuongeza muda, kanuni haiilazimishi kukuitia kikao cha kusikiliza malalamiko yako, kama inavyolazimika inapotaka kumwondolea mtu msaada ambao tayari anaupata. Nguvu yote iko kabla ya tarehe.

Kwa hiyo andika barua ya kuomba siku zaidi wiki tatu kabla ya tarehe. Ipeleke mwenyewe, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa siku hiyo. Ambatanisha orodha ya nyumba ulizoziomba: anwani, tarehe, uliyezungumza naye, alichojibu. Daftari la shule latosha. Na tafadhali, akina baba, msimpe mtoto wa darasa la sita kazi ya kutafsiri mazungumzo na ofisi. Jumuiya yetu ina watu wazima wa kuwasindikiza.

Kama nyumbani kuna mlemavu, hali ni tofauti. Ikiwa ulemavu ndio unaochelewesha kupata nyumba, na mmeomba, ofisi inalazimika kuongeza muda unaohitajika kwa kiasi kinachofaa. Kwetu kifafa cha mtoto au miguu ya bibi si mambo ya kutangaza mbele ya wageni, na heshima hiyo tunaielewa. Lakini barua fupi ya daktari, inayoeleza haja tu, haimvui mtu nguo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ukishapata nyumba na kupeleka fomu ya kuomba upangaji ukubaliwe, siku zinasimama. Tangu 2015 hilo si hisani ya afisa, ni lazima, mpaka ofisi ikujibu kwa maandishi kwamba imekubali au imekataa. Mkaguzi wa nyumba akichelewa wiki mbili, hizo hazihesabiwi kwenye siku zako. Nyumba ikikataliwa, unaendelea na siku zilizobaki. Dai tarehe mpya iliyoandikwa, usikubali ya kuambiwa kwenye simu.

Wanaotaka kuhamisha vocha kwenda mji mwingine waliko ndugu, ofisi ya huko inatakiwa kuwapa vocha itakayodumu angalau siku 30 kupita tarehe ya mwisho ya ile ya kwanza. Ila ombi la kuhama lifike ofisi ya kwanza wakati vocha bado hai, na mapema kiasi cha makaratasi kuwahi kufika upande wa pili.