Wakili kijana aanzie serikalini, Serikali nayo imtunze

Vijana niliowafundisha, wakimaliza masomo ya uanasheria katika chuo cha LDC hapa Kampala, hunijia na swali lile lile: waombe kazi ya wakili wa Serikali, au watafute nafasi kwa mawakili binafsi? Wengi huvutwa na ofisi binafsi kwa sababu ya fedha.

Siwalaumu. Mishahara imekuwa kilio cha miaka mingi serikalini. Julai 2017 waendesha mashtaka waligoma nchi nzima wakidai nyongeza, kesi za jinai zikakwama na mahabusu wakaendelea kusota rumande.

Hata hivyo, huko kwingine nako si asali tupu. Anayeanza hubeba majalada ya wakubwa, malipo yakingoja wateja walipe, na wapo wanaoambulia nauli tu. Aliye katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka husimama mbele ya hakimu mapema, mshahara wake hautegemei mteja, na akidumu kazini ana pensheni. Akihama baada ya miaka michache, uzoefu huo anao. Ushauri wangu ni aanzie huko.

Kwetu tuliorejea kutoka uhamishoni, na kwenu mnaochuuza Busia, Malaba, Mutukula na Elegu, jambo hili linatugusa. Mawakili binafsi wamejazana Kampala. Mzigo wako ukishikiliwa mpakani kama kielelezo, na kesi ikaahirishwa kwa kuwa mwendesha mashtaka hayupo, hasara ni yako. Katiba ya 1995, kifungu cha 28, inaitaka Serikali imlipie wakili mshtakiwa anayekabiliwa na kifo au kifungo cha maisha. Mchuuzi mwenye kesi ndogo hamo. Kinga yake ni mwendesha mashtaka mwenye ujuzi, anayeona mapema kwamba jalada halina ushahidi.

Mwaka 2022 Serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi walimu wa sanaa tuliachwa, lakini tulijifunza kwamba ikitaka, fedha hupatikana. Basi kijana anayepelekwa Elegu apewe nyumba na mshahara unaomtosha. Asipotunzwa ataondoka, na watakaoumia ni wanyonge wa mpakani.